Mvinyo wa nani, pombe ya nani?

Neno "mvinyo" tulilitwaa kwa Wareno. "Amarwa", jina la pombe katika Ekegusii, ni la jadi. Wanyankore wa Uganda wanalo pia, "amaarwa". Hata hivyo lile la kigeni ndilo huandikwa kwa fahari juu ya chupa, ilhali la wenyeji hunong'onezwa.

Tofauti hiyo haina mashiko. Mpishi wa amarwa huko Kisii au Nyamira huvundika unga wa mahindi, huukaanga, kisha hutia maji na kimea cha wimbi. Mtengenezaji wa mvinyo kule Dodoma hutegemea chachu vilevile kugeuza sukari ya zabibu. Alichomzidi mwenzake ni vipimo, chupa na leseni. (Amarwa, kwa kweli, haiwekeki: hunywewa kwa mirija siku zile zile, au imeharibika.)

Tena zabibu za Dodoma zililetwa na wamishonari. Si zao la jadi. Arusha nako ndizi zimekuwa zikitengenezewa mvinyo wa chupa tangu miaka ya 1990. Ndizi za Gusii je? Hupakiwa mbichi kwenye malori kwenda Nairobi, na faida humfuata mchuuzi.

Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliruhusu hata chang'aa, iliyoharamishwa mwaka 1980, ila kwa mwenye leseni. Mama mwenye chungu kimoja atayatimizaje masharti peke yake? Leseni sasa zimo mikononi mwa kaunti. Zingeweza kuwaunganisha wapishi katika vyama vya ushirika, wakapata maabara moja ya kupimia, badala ya kuwaachia polisi.