Kakontwe: Ukibadilisha diski, usikubali Windows ya wizi

Kakontwe, kama kwingine mjini Likasi, kompyuta haitupwi kwa sababu imezeeka. Umeme unakatika leo, unakatika kesho, diski inakufa, na mwenyewe anapeleka mashine kwa fundi kuwekewa nyingine. Hilo ni jambo jema. Ubaya unaanza pale fundi anapochomeka flashi yake na kuingiza Windows ya wizi, iliyovunjwa kufuli.

Mteja haulizwi kitu. Anarudi nyumbani na mashine inayowaka haraka, bila kujua kwamba ili kuvunja kufuli hilo, mara nyingi antivirusi inazimwa kwanza. Mlango umebaki wazi, na ndani mna kazi ya mwisho wa masomo ya mwanafunzi, madeni ya butike, pointi za wanafunzi wa shule.

Kinachouma zaidi, mara nyingi wizi huo hauna sababu. Kompyuta iliyokuwa na Windows 10 au 11 halali haipotezi haki yake kwa kubadilishwa diski, kwani haki hiyo inafuata ubao mkuu wa mashine. Fundi akiingiza toleo lile lile kisha akaunganisha intaneti, kwa kawaida Windows inajitambua yenyewe.

Fundi atajibu kwamba intaneti ni ghali. Ni kweli, faili hiyo ni kubwa. Lakini anaipakua mara moja kwa Microsoft, bila kuilipia, anaiweka kwenye flashi ya GB 8, na inahudumia wateja wengi.

Zipo mashine zilizochoka zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama, TPM 2.0, ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Kwa hizo kuna Linux Mint: ni ya bure, inatumika kwa Kifaransa, inaanza na RAM ya GB 2 ingawa GB 4 ni afadhali, na LibreOffice yake inafungua faili za Word. Siku za kwanza utaiona ngeni, kisha mkono unazoea.

Kwa hiyo, kabla ya kuacha mashine yako, uliza mambo matatu. Faili za diski ya zamani zitaokolewa? Windows hiyo inatoka wapi? Diski ya zamani nitarudishiwa? Swali la mwisho si dogo, maana diski unayoambiwa imekufa inaweza kusomwa na mtu mwingine. Na fundi aandike kwenye faktire kile alichoingiza.

Tangu Machi 2023 nchi yetu ina sheria ya mambo ya digitali. Lakini hakuna atakayetoka Kinshasa kuja kukagua flashi ya fundi wa Kakontwe. Mwenye kuikagua ni mteja anayelipa.