Kabla ya kulaumu baridi, pimeni radoni

Binti yangu anakaa Northampton, Uingereza, na mumewe na watoto watatu. Majira ya baridi ya mwaka jana aliniletea picha kwa simu: kidude cha plastiki juu ya kabati la sebuleni. "Baba, tunapima radoni." Mkwe wake, aliyekuwa kule kutembea, akamuuliza kwa nini asifukize udi tu, hewa ikatengenea.

Nilicheka, kisha nikaona haya. Mimi nimesoma sekondari ya misheni, nikaja kusomesha kemia miaka mingi, na radoni nilikuwa naitaja kama jina moja kwenye jedwali, basi nikapita.

Gesi hii haina rangi wala harufu. Inatokana na urani iliyomo katika mawe na udongo, inapanda kupitia nyufa za sakafu. Nje inatawanyika. Ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha inajikusanya, na ukiivuta, mionzi inaumiza mapafu. Uingereza peke yake, vifo zaidi ya 1,100 vya saratani ya mapafu kila mwaka vinahusishwa nayo, na wanaoathirika zaidi ni wavuta sigara. (Mkwe wangu anavuta. Anasema anavutia barazani. Haya.)

Cornwall na Devon ndiko kunakosifika kwa radoni, kwa sababu ya mawe yake ya matale, lakini Northamptonshire nayo imo. Wastani wa nyumba za Uingereza ni bekereli 20 kwa mita ya ujazo. Ikifika 200 unashauriwa kuchukua hatua. Na usitegemee majibu ya jirani: nyumba mbili zinazogusana ukuta zinaweza kupishana mbali kabisa. Kupima ni jambo dogo. Unaagiza vidude viwili kwa posta, kimoja sebuleni, kimoja chumbani, unaviacha miezi mitatu, unavirudisha.

Sebule ya binti yangu ilikuja na 310.

Hapo ndipo penye shida ya watu wetu. Wengi wamepanga, na wanaogopa kusema wasije wakaambiwa wahame. Mwenye nyumba alimjibu kwamba wapangaji wa kabla hawakulalamika. Wangelalamikaje kitu kisichonuka? Nikamwambia, mwanangu, usigombane kwa simu, andika barua, ambatisha majibu, kopi peleka idara ya nyumba ya baraza la mji. Sheria ya kule inaihesabu mionzi miongoni mwa hatari za nyumba ambazo baraza linaweza kumbana nazo mwenye mali. Wiki tatu baadaye fundi alikuja. Alichimba kishimo chini ya sakafu, akatia bomba na feni ya kuivuta gesi na kuitupa nje. Kazi ya siku moja!

Wanaonunua nyumba nao waulize mapema. Fomu anayojaza muuzaji ina swali la radoni, na wapo wanaokubaliana sehemu ya fedha ibaki kwa wakili mpaka vipimo vitoke. Kumkuta mtu ameshalipa kila kitu ndipo anauliza, hilo nimeliona zaidi ya mara moja.

Binti yangu ameagiza vidude vingine viwili kuhakikisha feni inafanya kazi. Mkwe wake bado anafukiza udi kila Alkhamisi, na hilo hatumkatazi.