Mbwa wa safari apate chanjo kabla ya kupanda treni

Shule zikifungwa mwanzoni mwa Julai, familia nyingi za Base ya Kamina huanza kufunga mizigo. Wengine wanapeleka watoto kwa babu Kabongo au Bukama, wengine wanaenda Lubumbashi, na askari aliyehamishwa anaondoka na nyumba nzima. Katikati ya magunia, ndoo na kuku waliofungwa miguu, mara nyingi yupo mbwa mwenye kamba shingoni. Watu humcheka: eti mbwa naye anaenda vakansi!

Hakuna cha kucheka. Kwa familia iliyokimbia vita, mbwa ndiye mlinzi wa usiku pale ambapo mlango ni kipande cha turubai. Kumwambia mama wa namna hiyo amwache mbwa wake ni kumwambia atupe kufuli. Aende naye. Lakini asiende naye bila chanjo ya kichaa cha mbwa.

Sababu ni Kamina yenyewe. Reli zinaachana hapa: moja kwenda Lubumbashi, nyingine Kananga hadi Ilebo, ya tatu Kabongo hadi Kabalo. Mbwa aliyeambukizwa anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, akila bukari vizuri na kutikisa mkia, kabla ugonjwa haujaonekana. Anapanda treni kila mtu akimwona mzima, kisha anaugua kijijini, kati ya watoto wanaomchezea.

Yaliyotokea Pemba, kule Zanzibar, yanaonyesha hatari hiyo. Baada ya mbwa kuchanjwa kwa wingi, ugonjwa ulitoweka kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi. Mbwa haogelei kutoka bara hadi Pemba. Anavushwa na watu. Ilibidi kampeni ya chanjo ianze upya, na mwisho wa 2018 ndipo ugonjwa ulipokoma tena. Kama bahari haikutosha kuuzuia, behewa la treni litauzuia vipi?

Chanjo yenyewe haifanyi kazi siku ile ile. Mbwa aliyechanjwa kwa mara ya kwanza anahitaji wiki tatu hivi ili mwili upate kinga. Basi anayesafiri Julai amchanje mwanzoni mwa Juni, wala asingoje asubuhi ya treni. Na karti ya chanjo isifungwe chini ya gunia; iwe mfukoni pamoja na tiketi.

Njiani, kila mtu anajua safari ya siku moja inavyogeuka siku tatu. Mbwa anahitaji maji, kamba fupi na kivuli. Kumtia ndani ya gunia lililoshonwa ni ukatili, na mbwa anayekosa pumzi huuma.

Kuna wanaoona ni rahisi kumfungulia tu na kuondoka. Huyo ndiye anayeonekana Agosti akichimba takataka karibu na soko, mwembamba, akifukuzwa kwa mawe. Jirani mmoja anayeachiwa unga, maji na namba ya simu anatosha kumtunza mpaka wenyewe warudi.

Na akiuma mtu? Kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha moja kwa moja kituo cha afya kwa sindano. Dawa za majani zisicheleweshe mtoto. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona, na ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa sababu ya mbwa. Mbwa mwenyewe asiuawe papo hapo kwa hasira: akiwezekana kufungwa salama, aangaliwe siku 10.

Wenye lawama kubwa, hata hivyo, si wenye mbwa. Mtu aliyefika na watoto wanne na sufuria moja hawezi kuzunguka Kamina akitafuta daktari wa mifugo, kisha amlipe. Ofisi ya mifugo, machefu wa kartie na wakubwa wa kampi wanaweza kukubaliana siku moja ya Juni, chanjo iletwe penye watu: stesheni, getini Base, kwenye maeneo ya waliohama. Tarehe itangazwe redioni wiki mbili kabla, ili mwenye mbwa apate muda wa kutafuta kamba.