Muhogo mkavu au unga? Tuhesabu kinachobadilika

Mama na dada zetu, juma hili tuzungumze hesabu ya biashara, kwa sababu vikundi vingi vinajiuliza swali moja: tuuze mali kama ilivyo, ao tuitengeneze kwanza?

Tuchukue mfano. Kikundi kina kilo 100 za muhogo mkavu katika depo. Wamama wengine wanataka kuuuza hivyo hivyo. Wengine wanasema: «Tuliununua bei kali, lazima tusage unga ili pesa yetu irudi.» Nani anahesabu vizuri?

Bei tuliyonunulia imekwisha kutoka. Tuuze muhogo, tuuze unga, bei ile ni moja. Kodi ya depo nayo tutailipa vyovyote. Hizo tuziweke pembeni. Tuandike tu kinachobadilika kati ya njia hizi mbili.

Tuseme kilo ya muhogo mkavu ni faranga 900: tunapata 90.000. Tukisaga, tuseme kilo 5 zinapotea, zinabaki 95. Kilo ya unga ikiwa 1.200, tunapata 114.000. Unga umeongeza 24.000.

Sasa gharama zinazoongezeka: mashini ya kusaga 8.000, chukudu kwenda na kurudi 4.000, magunia safi 3.000. Jumla 15.000. Inabaki faida ya 9.000. Basi tusage?

Tungoje kidogo. Nani atafuatana na mzigo, apange mstari kwenye mashini, achekeche unga? Wamama wawili wakiacha meza zao za makala, na kila mmoja huwa anapata faida ya 5.000 kwa siku, kunapotea 10.000. Tumechoka siku nzima na tumepoteza 1.000! Siku ya mama si ya bure. Ndani yake mna chakula cha jioni na pesa ya masomo ya watoto. Lakini tukisaga siku ambayo wamama wale hawauzi, zile 9.000 zinabaki zetu, na ni haki kikundi kiwape kitu kwa jasho lao.

Bei zenu zitakuwa nyingine. Katika mkutano ujao, chukueni kartasi, mchore safu mbili: kinachoongezeka kuingia, kinachoongezeka kutoka. Na siku ya mama iandikwe ndani, kwa faranga.