Butembo: L1 hawajui kuandika, lakini nani aliwafundisha?

Kila mwaka masomo yanapoanza, wimbo ni ule ule katika vyuo vya ufundi vya Butembo: walimu wanalalamika kwamba vijana wa L1 hawajui kuandika. TP zao zimejaa makosa, kurasa nzima zimekopiwa kwenye intaneti. Ni kweli. Ila wanaolalamika wanasahau kuuliza kijana huyo alifundishwa kuandika lini, na nani.

Nyumbani anaongea Kinande, sokoni Kiswahili. Kifaransa anakikuta shuleni, katika darasa lililojaa hadi mlangoni. Sekondari anakopi ubaoni, anakariri, anarudisha. Mwishoni ni mtihani wa serikali, ambamo maswali mengi ni ya kuchagua jibu moja kati ya yaliyoandikwa tayari. Disertasyo ipo, ndiyo, lakini ni ya siku moja, na wengi wanaingia na utangulizi waliokariri. Miezi michache baadaye mtu huyo huyo anaombwa kurasa 15 zenye uchambuzi na bibliografia!

Tangu mfumo wa LMD uenezwe nchini, mwaka wa masomo 2021-2022, mwanafunzi anatakiwa kufanya kazi nyingi peke yake. Kwenye karatasi ni jambo zuri. Lakini maktaba ziko wapi? Wengi wanasomea kwenye simu, kwa megabaiti za kuhesabu, na umeme ukikatika kazi nayo inalala.

Basi anaenda sekretaria ya barabarani. Pale mtu asiyejua hata somo lenyewe anachukua TP ya mwaka jana, anabadilisha jina kwenye ukurasa wa kwanza, analipwa. Na mwalimu haoni kitu. Ataonaje, kama hasomi? Ni wangapi wanaorudisha TP ikiwa na masahihisho? Mwanafunzi anaona pointi tu, 12 juu ya 20, kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Alikosea wapi, hajui. Silabusi, hiyo, inauzwa mapema bila kuchelewa.

Kuna wanaosema muuguzi hahitaji ufundi wa kuandika. Wanakosea sana. Muuguzi anayemaliza zamu ya usiku anamwandikia ripoti mwenzake wa asubuhi: dawa gani imetolewa, saa ngapi, kwa kipimo gani. Ripoti isipoeleweka, mgonjwa anaweza kupewa dawa ile ile mara mbili.

Wanafunzi nao wasijifiche nyuma ya umasikini. Anayepata faranga za kununua TP hakosi za kununua daftari na kalamu.

Lakini vyuo ndivyo vianze. TP ya kwanza iandikwe darasani, kwa mkono, ukurasa mmoja tu, na irudishwe na wino mwekundu kabla ya kutoa ya pili. Mwalimu mwenye wanafunzi 200 atasema haiwezekani. Basi wasaidizi wake wapewe kazi hiyo na walipwe. Minervali wazazi wanaitoa kila mwaka. Wakubwa wa vyuo waseme wazi inaenda wapi.