Wati za kwenye boksi hazihubiri

Na Kiprotich Langat

Bonasi ya majani chai ikiingia, maduka ya vifaa vya umeme mjini Kericho, Litein na Bomet hupokea wajumbe wa kwaya, wa vikundi vya akina mama na wa kamati za shule. Wanatafuta spika. Mara nyingi kinachowashawishi ni namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi: wati 10,000 PMPO.

Wajumbe hao wanastahili kuambiwa ukweli. Soketi ya ukutani hapa Kenya ni ya ampea 13 kwa volti 240, yaani wati 3,120 basi. Spika haiwezi kutoa mfululizo nguvu ambayo haikuingia. PMPO ni kilele cha kufumba na kufumbua, tena hakina kanuni moja ya kukipima. Kila kiwanda hujipimia. Marekani ilikataa mchezo wa aina hiyo mwaka 1974, ikawaamuru wauzaji wa amplifaya za nyumbani watangaze nguvu inayodumu.

Hata namba ya kweli haimalizi maneno. Ukiongeza wati maradufu, sauti hupanda desibeli 3 tu. Spika mbili za wati 200 zinaweza kupishana mno kwa ukali, maana moja hugeuza umeme kuwa sauti vizuri kuliko nyingine. "Hezi 20 hadi 20,000" haikuambii kama besi inameza maneno ya mhubiri. Upotoshaji wa sauti nao kwa kawaida hupimwa kwa mlio mmoja usiobadilika, ilhali kwaya huimba sauti nne kwa pamoja. Na hakuna maabara iliyoipima spika hiyo katika kanisa lenu la mawe, chini ya mabati, mvua ya alasiri ikipiga.

Sisi wa nchi ya chai tulifaa kulijua hili mapema. Chai yetu hupimwa unyevu kiwandani, na watafiti papa hapa Kericho huchunguza kemikali zake. Hata hivyo, kabla ya mnada wa Mombasa, mwonjaji huivuta kwa kijiko, akaizungusha mdomoni, akaitema, ndipo aseme inafaa bei gani.

Vipimo visitupwe. Muuzaji anayetaja nguvu inayodumu, na desibeli ngapi spika hutoa kwa wati moja umbali wa mita moja, ana la kuaminiwa. Namba hizo zitawasaidia kuondoa zisizofaa. Kuchagua ni kazi ya masikio.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa kamati, spika ifikishwe kanisani kabla pesa hazijatoka. Msomaji wenu asome Neno, kwaya iimbe, na wazee waketi safu ya nyuma kabisa. Kisha waulizeni wamesikia nini. Pesa hizo zilichumwa jani kwa jani. Muuzaji anayekataa jaribio hilo asipewe hata shilingi.