Ukichubuka Faraghani, Usijifiche Bafuni

Safu ya mwezi huu naomba uisome ukiwa umetulia nyumbani, peke yako au na mwenzio, siyo kwenye daladala huku abiria wa pembeni anachungulia. Maana leo tunaongelea jambo ambalo limewapata wengi na karibu wote wamelinyamazia: kuchubuka au kuchanika kidogo sehemu za siri wakati wa tendo la ndoa.

Naanza na mimi mwenyewe, usije ukaona nakusema wewe.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi minne. Nilikuwa nanyonyesha, usingizi sina, na mama mkwe alikuwa amekuja kutusaidia, analala chumba cha pili. Nyumba zetu za kupanga unazijua, mtu akikohoa huku, wa kule anamwambia pole. Usiku mmoja mtoto kalala mapema, tukaona ndiyo nafasi yenyewe. Haraka haraka, kimya kimya, bila maandalizi yoyote ya maana. Nikahisi kama kitu kimechanika. Sikusema. Mume wangu alipopitiwa na usingizi nikaingia bafuni na kile kioo changu cha kujipodolea, nikakuta mchaniko mdogo kwenye mlango wa uke, kama punje ya mchele, na matone mawili matatu ya damu.

Nikachukua ile dawa ya maji ya kuulia vijidudu, ile tunayotia kwenye maji ya kuoga, nikaimimina kwenye pamba bila hata kuizimua, nikabandika. Jamani! Niliuma taulo ili mama mkwe asisikie. Asubuhi pamevimba, pamekuwa pekundu, na haja ndogo ilikuwa kama nakojoa pilipili. Jioni nikarudia tena, kwa imani kwamba kadiri inavyochoma ndivyo inavyoponya.

Kidonda ambacho kingepona kwa siku chache nikakaa nacho karibu wiki mbili. Lakini siyo hicho kilichoniuma zaidi. Siku zote hizo mume wangu akinigusa bega nageukia ukutani. Mara nimechoka, mara kichwa, mara mtoto ataamka. Yeye hajui lolote, akapiga hesabu zake mwenyewe. Akaanza kuchelewa kurudi. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa anakaa tu kwa kinyozi hapo mtaani mpaka aone taa ya chumbani imezimwa, maana aliamini tangu nizae simtaki tena. Siku ya tisa tukagombana kwa ajili ya sufuria ya maziwa iliyoungua, nikalia, nikamwambia kila kitu. Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Kwa hiyo nilikuumiza, ukaniacha nijue nimekataliwa?"

Kesho yake tukaenda zahanati. Nesi alikuwa mama mtu mzima, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo dawa ungeitia kwenye jicho?" Nikamjibu, hapana mama. "Sasa huko ulidhani ni kisigino?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Ngozi ya huko ni laini, inachanika kirahisi, lakini pia ina damu nyingi na kwa kawaida inapona upesi kuliko ngozi ya goti au kiwiko. Mchubuko mdogo wa juujuu unapona wenyewe ndani ya siku chache, mara nyingi haumalizi wiki, ilimradi usiusumbue. Tatizo letu ni kuusumbua.

Kwa hiyo ukiona umechubuka, osha kwa nje kwa maji safi ya uvuguvugu, basi. Ndani usiingize chochote, uke unajisafisha wenyewe. Sabuni ya manukato, spiriti, limau, chumvi ya kukoroga mpaka maji yawe kama bahari, dawa ya meno (ndiyo, nimeshaulizwa), vyote weka pembeni. Ukipenda, tia maji ya uvuguvugu kwenye beseni safi ukalie kwa dakika 10 au 15, mara mbili kwa siku. Nimesema uvuguvugu, siyo yale maji ya kumkandia mzazi ambayo mvuke wake tu unatoa machozi. Ukitoka, jifute kwa kugusisha taulo taratibu, usisugue. Kama pamevimba, funga barafu kwenye kitambaa safi uweke kwa dakika kumi hivi, usiigusishe barafu yenyewe kwenye ngozi. Ukienda haja ndogo jimwagie maji ya uvuguvugu huku mkojo unatoka, utaona kuchoma kunapungua sana. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato unaweza kupaka kidogo kwa nje yakinge kidonda. Chupi iwe ya pamba na isibane, usiku lala bila hiyo. Maumivu yakisumbua, paracetamol inatosha.

Na pumziko, jamani. Siyo la usiku mmoja. Mpaka kusiwe na maumivu hata ukipagusa, ndipo mrudi.

Sasa, kwa nini inatokea? Kwangu mimi sababu ilikuwa kunyonyesha. Mama anayenyonyesha homoni ya estrojeni inashuka, uke unakuwa mkavu hata kama mapenzi yapo tele. Wengine ni haraka tu, mwili haujawa tayari. Kuna kucha ndefu. Kuna nywele zilizonyolewa jana yake zinazochoma kama brashi ya viatu. Kuna wale ambao mwenzi alikuwa safarini miezi miwili na anataka kulipwa deni lote usiku mmoja.

Na kuna shabu. Hapa nitasema bila kuzunguka, hata kama somo yako alikufundisha tofauti. Kujikausha kwa shabu, kwa unga wa mitishamba au kwa vitambaa ili "mnato" uongezeke ni kuiomba ngozi ichanike. Ule unyevunyevu siyo uchafu wala siyo dalili ya mwanamke mlegevu, ndiyo kinga yenyewe. Na ngozi iliyochanika ni mlango wazi kwa virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa. Kaka unayemsifia mwenzio kwa ukavu, ujue unasifia nini.

Nyinyi kaka zangu pia sijawasahau. Kuna msomaji aliyeniandikia kwamba ule uzi wa ngozi chini ya kichwa cha uume ulikatika, damu ikatoka kama bomba, akajua ndiyo mwisho wake. Akajizungushia karatasi ya chooni, ikagandia, kuitoa ikawa kidonda kipya. Pale pana mshipa mdogo, hutoa damu nyingi ya kutisha. Chukua kitambaa safi, bana kwa dakika kumi mfululizo, usifunguefungue kuchungulia. Ikisimama, osha kwa maji na upumzike kama tulivyosema hapo juu. Ikigoma, nenda hospitali. Ila ukisikia mlio kama kijiti kimevunjika, uume ukalegea ghafla, ukavimba na kuwa mweusi, hapo hakuna kusubiri asubuhi wala kuona aibu. Ni dharura, na huenda ukahitaji upasuaji siku hiyohiyo. Wanaochelewa ndio wanaobaki na uume uliopinda au usiosimama vizuri.

Dada na wewe una mstari wako wa kwenda hospitali. Damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, mchaniko ulio ndani au unaoonekana mrefu, mkojo kukataa kutoka, homa, usaha, harufu mbaya, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Kama kondomu ilipasuka na hujui hali ya mwenzio, dawa za kuzuia maambukizi ya Ukimwi zinaanzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora zaidi, na zinamezwa siku 28. Na kama ulisema hapana akaendelea, usiite ajali ya chumbani, hata kama ana pete yako. Nenda ukatibiwe saa hizo 72 hazijaisha. Polisi kuna dawati la jinsia na watoto.

Jambo jingine, mchaniko una tarehe yake, unajua usiku uliotokea. Malengelenge yanayokuja kwa makundi, au kidonda kisichouma ambacho hukumbuki kilianzaje, hayo ni ya kupima, maana inaweza kuwa malengelenge ya zinaa au kaswende. Na damu inayotoka kila mkikutana bila jeraha lolote la kuonekana, usiizoee. Inaweza kuwa maambukizi tu, lakini pia inaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ikigunduliwa mapema inatibika. Kama umeshafika miaka 30 na hujawahi kupima, usisubiri hata hiyo damu.

Tukirudi kwangu. Nesi alimwambia mume wangu tukanunue kilainishi cha maji duka la dawa, na akasisitiza kiwe cha maji kama tunatumia kondomu, kwa sababu mafuta, hata ya nazi, yanaidhoofisha kondomu ikapasuka. Mate alituambia tusiyategemee, yanakauka mara moja. Mume wangu akasema dukani ataenda yeye, hilo tuliliweka kama faini yake. Jumamosi akatoka. Akanisimulia kwamba alimkuta muuzaji ni binti mdogo, na nyuma yake kulikuwa na jirani yetu mzee, balozi wa nyumba kumi. Akasubiri mzee ahudumiwe, mzee akaanza kupiga stori na binti.

Alirudi na dawa ya kikohozi. Ilibidi nimtume tena Jumatatu, duka la mtaa wa pili.